KITABU CHA PICHA SI BUNDUKI

Askari amekabidhiwa vitu viwili visivyotenganishwa, nazo ni silaha na sheria. Silaha bila sheria ni ujambazi uliovaa sare. Sheria bila silaha nayo, katika pwani hii ya kaskazini ya Cabo Delgado ambayo imeonja vita tangu tarehe 5 Oktoba, 2017, haiwezi kumlinda mtu. Kwa hiyo kila jambo linalomkuta askari kazini, hata likiwa dogo namna gani, hapana budi lipimwe kwa mizani hiyo: sheria inasema nini, na silaha yangu inatakiwa hapa au haitakiwi?

Leo tunataka kulipima jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo, na wengine watalihesabu kuwa la aibu na lisilofaa kutajwa mbele za watu. Ni vitabu vya hadithi za picha vinavyowasimulia vijana habari za kubalehe, na ambamo mhusika mkuu ni mvulana anayempenda mvulana mwenzake, au msichana anayempenda msichana mwenzake, au mtoto ambaye hajioni moyoni kuwa vile wenziwe wanavyomwona kwa macho. Vitabu hivyo havikuandikwa Palma wala Mocímboa da Praia. Lakini siku hizi kitabu hakingojei jahazi. Husafiri ndani ya simu, ukurasa baada ya ukurasa, na kijana wa kambi ya waliokimbia vita anaweza kukisoma sawasawa na kijana wa Lisbon.

Jambo hili linawahusu askari kwa sababu moja iliyo wazi. Katika barabara ya Mueda, Mocímboa da Praia na Palma, na katika bandari ndogo ndogo za mashua, ukaguzi wa mizigo ni sehemu ya ulinzi. Adui amepita kwa njia hizo, na silaha, fedha na habari zake zimepita humo. Mwananchi anayefungua mfuko wake mbele ya askari anavumilia usumbufu huo kwa kuwa anajua sababu yake. Basi tuseme kwamba katika kukagua, askari amekuta katika simu ya kijana wa miaka 15 au 16 hadithi ya picha ya namna tuliyoitaja. Afanye nini? Je, ampige makofi? Amnyang'anye simu? Amwite baba yake na kumwaibisha mbele ya abiria wote? Amdai fedha ili anyamaze? Au amrudishie kitu chake na kumwambia apite?

Sisi tunasema amrudishie, apite. Na kwa kuwa askari hapaswi kupewa maagizo kama punda anayepigwa fimbo, bila ya kuelezwa sababu, tutazieleza sababu zetu moja moja.

Kwanza tuvijue vitabu vyenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asilolijua. Kinachofahamika zaidi miongoni mwa vijana ni "Heartstopper" cha Alice Oseman wa Uingereza, kilichoanza kutolewa katika intaneti mwaka 2016, na kutengenezwa tamthilia ya televisheni mwaka 2022. Ni habari ya wanafunzi wawili wa kiume waliokalishwa jirani darasani. Mmoja ni mchezaji wa raga, na mwingine amekwisha kuonewa na kudhihakiwa na wenziwe. Sehemu kubwa ya hadithi hiyo inahusu urafiki, woga, dhihaka za shuleni, na siku ambayo kijana anakusanya ujasiri wa kumwambia mama yake ukweli. Cha pili ni "Gender Queer" cha Maia Kobabe wa Marekani, kilichotoka mwaka 2019, nacho ni maisha ya mwandishi mwenyewe tangu utotoni. Katika maktaba za Marekani ndicho kitabu kilichoongoza kwa kudaiwa kiondolewe miaka mitatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023. Kabla yao, mwaka 2006, Alison Bechdel alichora "Fun Home", ambamo binti anaitafuta siri ya baba yake aliyekwisha kufariki.

Vitabu hivi havilingani. Vingine vinamfaa kijana mdogo, na vingine vina kurasa ambazo mzazi mwenye busara angetaka kumngojea mwanawe akomae kwanza. Hilo hatulifichi. Ila katika vyote hivyo hatukuona kimoja kinachofundisha kutega bomu, kuchoma kijiji au kumkata mtu kichwa.

Wapo watakaosema kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto, na kwamba tunapoteza wino. Hao wameisahau historia. Nchi yetu inaijua vizuri nguvu ya picha. Katika miaka ya 1970, uhuru ulipokuwa bado mchanga na wasiojua kusoma walikuwa wengi mno, FRELIMO ilimchora adui wa taifa na kumwita Xiconhoca: jina lililofungwa pamoja kutokana na Xico-Feio, mtesaji wa polisi wa siri wa wakoloni, na neno nyoka. Mtu asiyejua herufi hata moja alimtazama Xiconhoca akamwelewa mara moja, mvivu, mlanguzi, mlevi, mla rushwa. Mwaka 1981 João Paulo Borges Coelho, ambaye baadaye alisifika kwa utaalamu wa historia na kwa riwaya zake, alichora kitabu cha "Akapwitchi Akaporo" kuhusu bunduki na biashara ya watumwa. Majirani zetu wa Tanzania walicheka na kujifunza kwa Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na wa Kenya kwa Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Picha ni mwalimu. Hatumlaumu mzazi anayeiogopa. Lakini mwalimu hujibiwa kwa mwalimu, na hadithi hujibiwa kwa hadithi iliyo bora kuliko hiyo. Hapana hadithi iliyowahi kujibiwa kwa kitako cha bunduki ikanyamaza.

Sababu yetu ya pili ni sheria. Kwa muda mrefu nchi hii ilibaki na Kanuni ya Adhabu ya Wareno ya mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1954, ambayo yalimwezesha hakimu kumfungia mahali pa kazi mtu aliyezoea yale yaliyoitwa maovu dhidi ya maumbile. Sheria Namba 35 ya mwaka 2014, iliyotiwa sahihi na Rais Armando Guebuza na kuanza kutumika katikati ya mwaka 2015, haikuendelea na jambo hilo. Tangu hapo, mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja waliokubaliana si kosa la jinai Msumbiji. Hata kabla ya hapo, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ilikwisha kukataza mfanyakazi kubaguliwa kwa sababu hiyo. Na mwaka 2017 Baraza la Katiba liliamua kwamba kifungu kilichoruhusu chama cha wananchi kunyimwa usajili kwa hoja ya maadili ya umma kinapingana na Katiba.

Mtu anaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia. Askari naye ni mtu, ana dini yake na mila za kwao, na hapana anayemwomba azitupe. Lakini akivaa sare haitekelezi sheria ya moyo wake, anatekeleza sheria ya Jamhuri. Katiba yetu, katika ibara ya 41, inamhakikishia kila mtu heshima na siri ya maisha yake binafsi. Katika ibara ya 47 inamtaja mtoto na haki yake ya kulindwa. Katika ibara ya 68 inailinda nyumba ya mtu na barua zake. Simu ya leo imekuwa nyumba ya mtu na sanduku lake la barua kwa pamoja. Askari anayeipekua kutafuta mawasiliano na adui, kwa amri na kwa utaratibu, anafanya kazi. Askari anayeipekua kutafuta nani anampenda nani, amekwisha kuiacha kazi na kuingia umbea.

Hapa tunapenda kuwakumbusha jambo moja askari wanaotoka ng'ambo ya Ruvuma, kama waliokuja mwaka 2021 katika jeshi la SADC. Mto huo unatenganisha sheria mbili. Tanzania bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinahesabu tendo hilo kuwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha. Mwenye kuvuka Ruvuma huiacha nyuma sheria ya kwao na kuikuta sheria ya mwenyeji wake. Ndivyo ilivyo kwa leseni ya gari, ndivyo ilivyo kwa ushuru wa forodha, na ndivyo ilivyo kwa jambo hili. Na pande zote mbili za mto huo anayehukumu ni hakimu. Askari wa doria hana kiti mahakamani.

Tena tutofautishe, ili mtu asije akatusingizia. Picha za kumdhalilisha mtoto, zinazomwonyesha uchi na kumfanya chombo cha tamaa ya mtu mzima, ni kosa la jinai. Mtu mzima anayemnyemelea mtoto, awe wa kike au wa kiume, kwa mtoto wa kike au wa kiume, akamatwe na apelekwe mbele ya sheria bila huruma. Polisi anayeliona jambo hilo akanyamaza amekosa. Lakini hadithi iliyochorwa ya kijana anayejiuliza mimi ni nani, si uchafu huo, na kuvichanganya viwili hivi ni kumwacha mhalifu halisi apite huku tukimfukuza mtoto.

Sababu ya tatu ni mafunzo ya historia yetu wenyewe, na hii twaitaja kwa unyoofu kwa kuwa jeshi lisilojifunza kwa yaliyopita litayarudia. Mwaka 1975, katika shauku ya kujenga jamii mpya, wanawake wengi walikusanywa mijini kwa kudhaniwa kuwa malaya, wakapelekwa katika kambi za mafunzo mapya porini. Msanii wa filamu Licínio Azevedo aliisimulia habari hiyo mwaka 2012 katika "Virgem Margarida": binti wa shamba, bikira, aliyekuja mjini kununua vitu vya harusi yake, anakamatwa pamoja na wengine kwa kuwa hakuwa na karatasi mfukoni. Mwaka 1983 ikaja Operesheni Uzalishaji, na watu wakapelekwa Niassa kwa kuitwa wasiozalisha. Wengi wao kosa lao lilikuwa kukosa cheti, na wanawake wasio na waume wakahesabiwa makahaba. Waliofanya hayo hawakuwa maadui wa nchi. Walikuwa vijana wenye sare walioambiwa kwamba tabia njema ya mtu inaweza kusomwa usoni pake barabarani. Haisomeki.

Nje ya nchi yetu pia upo mfano. Mwezi Septemba, 2019, meya wa Rio de Janeiro, Marcelo Crivella, aliamuru kitabu kimoja cha picha cha mashujaa wa Marvel kiondolewe katika maonyesho makubwa ya vitabu kwa sababu ya picha moja ya wavulana wawili waliobusiana. Wakaguzi wakatumwa. Walipofika hawakukuta kitu, kwani nakala zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Gazeti la Folha de S.Paulo likaichapa picha ile ile katika ukurasa wake wa kwanza, kijana mmoja mashuhuri wa intaneti akanunua vitabu 14,000 vya namna hiyo na kuvigawa bure, na Mahakama Kuu ya Brazili ikaisimamisha amri. Meya alitaka picha moja isionekane na watoto wa mji mmoja. Ikaonekana na dunia nzima. Kamanda yeyote aliyesoma mbinu za vita ataitambua operesheni ya namna hiyo, iliyompa nguvu yule iliyekusudia kumdhoofisha.

Tanzania nayo, mwezi Februari, 2023, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni kwa hoja ya kupingana na mila na malezi, vikiwamo vya mfululizo wa "Diary of a Wimpy Kid", ambavyo ni vya kuchekesha na vyenye michoro. Watu walibishana kama uamuzi ule ulikuwa sawa au la. Hatutaki kuingia katika ubishi huo. Tunachotaka kionekane ni kwamba uamuzi ulitolewa na waziri, hadharani, kwa majina ya vitabu, na ulihusu shule. Anayeamua kwa njia hiyo anaweza kuulizwa na kupingwa. Askari anayeamua peke yake saa mbili usiku, kandokando ya barabara, nani atamwuliza?

Sababu ya nne ni nzito kuliko zote, nayo ni ya ulinzi wenyewe. Vita vya pwani hii havishindwi kwa risasi pekee. Vinashindwa kwa habari: nani mgeni kijijini, mashua ya nani ilitoka usiku, kijana gani ameahidiwa fedha. Habari hizo wanazo vijana, na kijana humpelekea habari mtu asiyemwogopa. Mtoto aliyeaibishwa kizuizini kwa ajili ya kitabu hatakuja kituoni kesho kutwa kutoa taarifa. Zaidi ya hayo, siri yake imekwisha kuwa mkononi mwa mtu. Askari mla rushwa ataitumia kumkamua, leo meticais 200, wiki ijayo 500. Na adui akiipata siri hiyo ataitumia kwa jambo baya kuliko fedha. Adui huyu tunamjua: amewateka wavulana na kuwashikisha silaha, amewachukua wasichana, amechoma shule. Yeye ndiye aliyejitwalia cheo cha kuwa hakimu wa mavazi ya watu, masomo yao na ibada zao. Mwananchi anayefika kizuizini baada ya kuokoka mikononi mwa mtu kama huyo anatazamia kuona tofauti. Asipoiona, tumepoteza zaidi ya simu moja.

Tunajua pingamizi litakalotolewa na wazee wetu, na tunaliheshimu. Watasema: pwani hii ina jando na unyago, ina likumbi la Wamakonde, ina madrasa na mapadri, mtoto afundishwe huko, asifundishwe na michoro ya Ulaya. Ni kweli, na laiti ingekuwa hivyo. Lakini vita vimewatawanya mamia ya maelfu ya watu, makungwi wako kambi hii na wari wako kambi ile, na mtoto amebalehe chini ya turubai bila mtu wa kumwambia mwili wake unasema nini. Kijana aliyekosa mkubwa wa kumwuliza atauliza simu. Dawa yake ni kumrudishia wakubwa wake, yaani kuilinda amani mpaka kijiji kirudi kuwa kijiji. Hiyo ndiyo kazi ya askari katika malezi, na ni kubwa mno. Haifai kuidunisha kwa kupokonya simu.

Wazee hao hao wanajua pia kwamba Kiswahili kilikuwa na majina ya watu wa namna hii kabla babu zetu hawajaona kitabu cha picha. Lugha haitungi jina la kitu ambacho haijapata kukiona. Basi si kweli kwamba michoro ndiyo imewaleta watu hao duniani. Wamezaliwa katika nyumba zetu, na wengine ni wadogo zetu. Mzazi ana haki ya kukataa kitabu nyumbani kwake, na ana wajibu wa kuzungumza na mwanawe kwa nini anakikataa. Haki hiyo ni ya mzazi. Haikuazimwa kwa askari.

Kwa hiyo, ndugu wapiganaji na ndugu polisi, tunashauri mambo manne. Kwanza, ukaguzi ufuate madhumuni yake, na ukikosa ulichotumwa kukitafuta, funga mfuko. Pili, usitangaze mbele ya watu ulichokiona katika siri ya mtu. Lililoonwa na jicho la askari lisitoke kwa kinywa cha askari. Tatu, ukitia shaka kwamba mtoto anatumiwa vibaya na mtu mzima, usiamue wewe. Mpeleke kwa kamanda wako, naye kwa polisi na mwendesha mashtaka, na mtoto atunzwe kama mtoto, si kama mtuhumiwa. Nne, kamanda akisikia kwamba askari wake amedai fedha kwa kumtishia kijana kumfichua, asiliite jambo hilo utani wa vijana. Ni rushwa na ni unyang'anyi, na Xiconhoca angeyatambua yote mawili.

Kuna siku vita hivi vitakwisha. Vijana wanaopita leo katika vizuizi vyetu ndio watakaovua pweza Quionga, watakaofundisha katika shule za Palma, na baadhi yao watavaa sare hizi tulizovaa. Watasimulia jinsi askari walivyokuwa. Wengine watasimulia kwa maneno, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda, mmoja wao huenda akasimulia kwa kuchora. Katika mchoro huo kutakuwa na barabara, kamba iliyovutwa, na mtu mwenye bunduki ameshika simu ya mtoto. Ni juu yetu sasa kuamua mkono ule utachorwa ukifanya nini.